Wasee wa Turbo, Jeti ya Maji Iende Baada ya Intakula

Wasee wa turbo, leo naingilia ugomvi wenu. Kila Jumapili tukikutana na ndai zetu, boneti zikifunguliwa tu, lazima mtu aangalie paipu za mwenzake aseme, "Buda, hiyo jeti ya maji iko pahali mbaya." Basi hapo tumemaliza. Mmoja anasema jeti inafaa kuwa kabla ya turbo. Mwingine anasema kati ya turbo na intakula. Wa tatu anasema baada ya intakula. Halafu kuna yule mwenye doh, anasema kila silinda ipewe jeti yake na maskini wanyamaze.

Msimamo wangu ni huu: kwa gari ya barabarani, ile unaenda nayo job na kurudi nayo, jeti iende baada ya intakula na kabla ya throtoli. Si kwa sababu niliona kwa video ya mtu. Ni kwa sababu ukifuata joto linatoka wapi na maji yanaenda wapi, hapo ndipo unapata faida kubwa kwa hatari ndogo. Najua kuna watu wameanza kuchemka. Chemkeni, lakini someni hadi mwisho.

Maji yanafanya kazi gani kwanza

Kuna wasee bado wanaamini maji yanaongeza nguvu yenyewe, ati yanalipuka ndani ya injini. Hapana. Maji hayachomeki. Kazi yake ni kubeba joto.

Turbo ikifinya hewa, hewa inapata moto. Tupige hesabu. Chukua busti ya baa 1, hiyo ni karibu psi 14.5, na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70. Mombasa, hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, itatoka kwa turbo ikiwa karibu nyuzi 125. Sasa kuja Nairobi. Huku tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa ya kawaida ni kama baa 0.82, wakati ya pwani ni kama baa 1. Ili geji yako isome ile baa 1 ya busti, turbo hapa inalazimika kufinya hewa mara 2.2, wakati Mombasa ingefinya mara 2. Matokeo ni kwamba hata siku ya nyuzi 22, hewa inatoka ikiwa karibu nyuzi 128. Kwa hivyo ile hadithi ya "sisi Nairobi tuko na baridi, hatuna shida ya joto" si ya kweli. Baridi tunayo, lakini turbo inatoa jasho zaidi.

Hewa moto ikiingia kwa silinda, mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kujiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ndio ile kugonga. Ukiisikia ni kama kokoto ndani ya mkebe, lakini mara nyingi hauisikii, unaona tu pistoni imepasuka. Na gari nyingi tunazopenda, kina Impreza WRX STI na Mitsubishi Evo za kutoka Japani, zilitengenezewa petroli ya huko ya oktani ya karibu 100. Ya stesheni zetu haifiki hapo. Kompyuta ya gari ikiona kugonga inarudisha timingi nyuma, na ile nguvu uliyolipia inapotea.

Hapo ndipo maji yanaingia. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inanyonya kilojuli karibu 2,260 za joto. Kilo moja ya petroli inanyonya karibu 350. Hiyo ni zaidi ya mara sita. Ndio maana ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa zinanyunyizia injini zake maji yaliyochanganywa na methanoli wakati rubani anahitaji nguvu ya ghafla. Hii kitu si ya juzi.

Sasa shikilia hii sentensi, kwa sababu nitairudia: maji yanapoza hewa kwa paipu, lakini kazi yake kubwa iko ndani ya silinda. Yale matone ambayo hayajageuka mvuke yanaingia ndani, na pistoni ikipanda kufinya, yanaendelea kunyonya joto wakati ule ule ambapo kugonga huanza. Jeti nzuri ni ile inayofikisha maji hapo, kwa silinda zote, kwa kiasi sawa.

Na tafadhali tusichanganye mambo. STI na Evo kadhaa za Japani zina tangi na swichi ya kunyunyiza maji juu ya intakula, kwa nje. Hiyo inaosha joto kutoka kwa bati la intakula. Maji hayaingii kwa injini. Ni kitu poa, lakini si hii tunayoongelea leo.

Kambi ya kwanza: kabla ya turbo

Nianze na nyinyi kwa sababu mna kelele zaidi. Na nitakuwa muungwana, kwa sababu sayansi yenu ni ya kweli. Maji yakiingia kabla ya kompresa, hewa inapozwa ikiwa bado inafinywa. Turbo inatumia nguvu kidogo kufika busti ile ile. Kwa karatasi, ni tamu sana.

Lakini kumbuka kile chuma kinazunguka aje. Gurudumu la kompresa linaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Tone la maji likigonga ncha ya bapa kwa spidi hiyo si maji tena, ni kama changarawe. Bapa za alumini zinaanza kuliwa kwa ukingo pole pole. Ndio maana wanaofanya hii kazi vizuri hutumia matone madogo sana kama ukungu, presha kubwa, na wanalenga katikati, pale kwa nati ya gurudumu, kwa sababu katikati spidi ni ndogo kuliko pembeni.

Sasa niambie ukweli. Ile jeti umenunua, iliyokuja kwa pakiti bila jina, inatoa ukungu ama inakojoa? Ukiiwasha nje ukaona mstari wa maji, hiyo haifai kusimama mbele ya turbo. Na kuna shida nyingine. Kabla ya turbo hewa inavutwa, haisukumwi. Kama hakuna vali ya umeme ya kufunga laini, turbo inaweza kuendelea kunyonya maji hata pampu ikiwa imezimwa. Gari ya mashindano yenye mekanika anayefungua turbo mara kwa mara kuikagua, sawa. Gari yako inayoenda sabisi ukipata pesa, hapana.

Kambi ya pili: kati ya turbo na intakula

Hawa hoja yao inasikika na akili. Wanasema, "Hapo ndipo hewa ina moto zaidi, kwa hivyo maji yatageuka mvuke haraka." Kweli, yatageuka haraka. Shida ni kwamba umelipia kazi ambayo intakula ilikuwa inakufanyia bure.

Intakula, ile rejeta ya hewa, hufanya kazi kwa tofauti. Hewa ya ndani ikiwa na moto sana kuliko ya nje, joto linatoka kwa wingi. Tofauti ikipungua, na kazi yake inapungua. Tuweke namba. Chukua gari ya karibu farasi 300. Ikikanyagwa kabisa inameza hewa karibu kilo 13 na nusu kwa dakika na petroli kama lita moja na nusu. Ukiweka maji ya asilimia 15 ya uzito wa petroli, unapata kama mililita 180 kwa dakika. Maji hayo yakigeuka mvuke yote, yanaweza kushusha joto la hewa kwa karibu nyuzi 30.

Bila maji: hewa inatoka kwa turbo ikiwa 125, nje ni 25, intakula ina ufanisi wa asilimia 70. Hewa inatoka kwa intakula ikiwa 55.

Na maji kabla ya intakula: hewa inashuka kutoka 125 hadi 95, halafu inaingia intakula. Inatoka ikiwa 46.

Umeona? Ulilipia nyuzi 30, umebaki na 9. Na hapo bado hatujahesabu kitu kibaya zaidi. Mvuke ukipozwa ndani ya intakula unaanza kurudi kuwa maji. Ukirudi kuwa maji unarudisha lile joto ulilokuwa umebeba, na maji yanakusanyika chini ya intakula. Unaendesha polepole kwa jam, unafika pahali barabara imefunguka, unakanyaga, na yale maji yanaenda mara moja, donge zima. Injini haipendi kumeza maji kwa kijiko. Inataka ukungu.

Kama umeongeza methanoli ndio mbaya kabisa, kwa sababu methanoli hula alumini, na intakula yako ni ya alumini.

Kambi ya nne: jeti kwa kila silinda

Naruka ya tatu kwa sababu ni yangu, nitairudia. Hawa wa jeti kwa kila silinda siwezi kuwacheka. Wameelewa shida kubwa ambayo wengi wetu tunaikwepa: kugawana.

Hewa inapinda kona kwa urahisi. Tone la maji ni zito, linapenda kwenda moja kwa moja. Ukiweka jeti moja karibu sana na manifoldi, maji yanagonga ukuta wa mbele, yanatiririka, na silinda moja inapata mvua huku nyingine inapata ukame. Ile yenye ukame ndio itagonga. Na kompyuta yako imetuniwa ikiamini kila silinda ina maji.

Hii nimeiona kwa macho. Beshte yangu ana Forester ya turbo. Hiyo gari ndio ofisi yake, inabeba kamera na taa akienda kupiga video za harusi. Gereji moja ilimwekea jeti baada ya throtoli, pembeni kabisa mwa manifoldi, kwa sababu hapo ilikuwa rahisi kutoboa. Halafu wakatuni gari na busti zaidi. Wiki chache baadaye ikaanza kutoa moshi na kukosa nguvu. Tulipofungua plagi, mbili zilikuwa safi kama zimeoshwa na sabuni, moja ilikuwa nyeupe na madoadoa. Silinda ya hiyo plagi nyeupe ndiyo pistoni yake ilikuwa imevunjika pale ringi zinakaa. Gari ilikaa miezi minne juu ya mawe. Msimu wa harusi wa Desemba ulimpita akikodisha gari za watu.

Kwa hivyo wa jeti kwa kila silinda wana haki wakisema kugawana ni muhimu. Lakini suluhisho lao lina bei tatu.

Ya kwanza ni pesa: jeti nne, laini nne, na vali za njia moja nne. Ya pili ni utupu. Baada ya throtoli, gari ikiwa imetulia bila kukanyagwa, manifoldi inavuta. Bila vali nzuri, inavuta maji kutoka kwa tangi ukiwa umesimama kwa taa za barabarani. Ya tatu ndio hunitisha. Mililita 180 ukizigawa kwa nne, kila jeti ni mililita 45 kwa dakika. Tundu la jeti kama hiyo ni dogo sana, kachembe ka uchafu kanalifunga. Jeti moja ikiziba, zingine tatu zinaendelea, na ile sensa ya mtiririko inaona maji bado yanapita. Hakuna taa itawaka. Utajua siku pistoni itakuambia.

Kampuni kubwa zinajua hii. BMW walipotoa M4 GTS yenye mfumo wa maji, mwaka wa 2016, waliweka jeti tatu kwenye chumba cha hewa cha manifoldi, na injini ina silinda sita. Hawakuweka sita. Walipata farasi 500 kutoka kwa injini ambayo kwa M4 ya kawaida ilikuwa na 431. Lakini wao wana mainjinia na maabara ya kupima kila silinda inapata nini. Gereji yako ina mwanga wa simu.

Kambi yangu: baada ya intakula, kabla ya throtoli

Hapa intakula imeshafanya kazi yake ya bure. Hewa ni kama nyuzi 55, si 125. Maji yakiingia, kiasi kinageuka mvuke na kuipoza zaidi, na kiasi kinabaki matone madogo yanayoingia silinda kupigana na kugonga. Hewa ya hapo haiwezi kushika mvuke wote, na hiyo si hasara. Ndio ile sentensi niliwaambia mshikilie.

Hapa pia jeti moja, au mbili ndogo, inatosha. Maji yanapita throtoli, yanavurugwa na hewa, yanaingia manifoldi yakiwa yamechanganyika. Kugawana hakutakuwa sawa kwa asilimia 100, lakini kutakuwa sawa kuliko jeti iliyobandikwa mlangoni mwa silinda moja. Na wakati haukanyagi mafuta, throtoli imefunga, kwa hivyo ule utupu wa manifoldi hauifikii jeti kwa nguvu.

Lakini "baada ya intakula" peke yake haitoshi. Kuna mambo ya kuangalia.

Umbali. Kama paipu inaruhusu, acha sentimita 15 hadi 20 kati ya jeti na throtoli. Karibu sana, maji yanagonga bapa la throtoli na kutiririka. Mbali sana, ukungu unaanza kushikana na kuta za paipu, hasa kama kuna kona. Chagua sehemu iliyonyooka.

Sensa. Hapa ndipo watu huumia bila kujua. Kama gari yako ina sensa ya joto la hewa kwa hiyo paipu, jeti iende baada ya sensa. Ukiinyeshea maji, sensa itasoma baridi ambayo si ya kweli, na kompyuta itaongeza timingi kwa imani ya uongo. Sensa ya kupima hewa, ile MAF, kamwe isipate maji. Kwa Subaru nyingi za EJ20 hiyo si shida, kwa sababu MAF inakaa karibu na kisanduku cha filta, kabla ya turbo, na mara nyingi sensa ya joto iko humo humo. Maana yake pia ni kwamba kompyuta haijui kama umepoza hewa. Lazima gari ituniwe maji yakiwa yanapita, na fundi wa kutuni ajue hivyo.

Nafasi. Wenye Evo mna bahati. Intakula iko mbele, na paipu inayorudi kwa throtoli ni ndefu. Wenye Subaru na intakula ya juu ya injini, nawahurumia. Kati ya intakula na throtoli kuna kipande kifupi cha mpira tu. Hizo sentimita 15 hazipo. Wengi huishia kuweka jeti kwa kichwa cha kutokea cha intakula yenyewe, ikielekea throtoli. Inakubalika, bora ukungu uwe mwembamba. Na itoe intakula kabla ya kutoboa! Nimeona fundi akitoboa ikiwa bado kwa gari, vipande vya alumini vikianguka ndani. Vile vipande vinaenda wapi, unadhani?

Pahali pazuri hapaokoi kazi mbaya

Hata ukiweka jeti pahali mbinguni penyewe, swali ni moja: maji yakiisha, nini kinatokea?

Marekani, mwaka wa 1962, General Motors walitoa Oldsmobile Jetfire, moja ya gari za kwanza za kuuzwa kwa watu wa kawaida zikiwa na turbo. Ilikuwa na chupa ya maji na methanoli ya kuzuia kugonga. Wenye gari walisahau kujaza chupa. Hakuna aliyezoea gari inayotaka petroli na maji. Wahandisi walikuwa wameweka kifaa cha kupunguza busti chupa ikiwa tupu, lakini bado watu walisumbuka hadi wengi wakatolewa ile turbo. M4 GTS nayo ina tangi la lita 5 kwa buti, na maji yakiisha kompyuta inapunguza nguvu yenyewe. Miaka zaidi ya 50 kati ya hizo gari mbili, na wote walijiuliza swali lile lile. Wewe je?

Kwa hivyo weka sensa ya kiwango cha maji kwa tangi. Weka kitu kinachopima kama maji kweli yanapita, kisha kiunganishwe na kompyuta ama kidhibiti cha busti, ili maji yakikatika busti ishuke saa hiyo hiyo. Taa ya dashi peke yake si ulinzi. Uko unapita trela, macho yako yako mbele, nani ataangalia taa ndogo nyekundu?

Kama tangi liko juu kuliko jeti, weka vali ya umeme karibu na jeti, la sivyo maji yatashuka yenyewe usiku gari ikiwa imelala. Pampu nayo iwe na presha kubwa kuliko busti kwa mbali. Pampu za hii kazi hutoa psi 100 hadi 200. Ile ya kuosha kioo cha mbele haiwezi. Ukipandisha busti, hewa itaisukuma maji nyuma.

Na maji yenyewe. Usiweke ya bomba, na ya borehole ndio usiguse. Maji yetu mengi ya borehole yana madini, na madini hayageuki mvuke. Yanabaki yameganda kwa jeti na ndani ya injini. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongeza kwa betri. Soma chupa vizuri lakini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu moja na hayo maji, na ukikosea hapo usinitumie meseji.

Kuhusu methanoli, msimamo wangu ni mkali. Inasaidia, ndio. Inazuia kugonga na inachomeka. Lakini inawaka na moto ambao mchana hauonekani vizuri, na ni sumu. Mwezi wa Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu hapa Kenya, na wengine walibaki vipofu. Ndio kemikali ile ile. Mtu anaweka mtungi kwa nyumba, hauna jina, unafanana na maji, na kuna mjomba ama mtoto anapita hapo. Kwa busti ya barabarani maji matupu yanatosha. Kama huwezi kuifungia na kuiandika jina, usiilete nyumbani.

Wale watasema "lakini"

"Lakini fundi wangu amefanya hivi miaka kumi." Sawa. Amefungua ngapi baadaye kuona plagi? Kama hajawahi kutoa plagi zote nne na kuzipanga kwa meza baada ya kuweka jeti, hajui maji yanagawanyika aje. Anajua tu gari iliwaka.

"Lakini wazungu huweka kabla ya turbo." Wengine huweka. Waulize pia wanabadilisha turbo mara ngapi, na nani analipa.

"Lakini gari yangu imekaa poa mwaka mzima." Nafurahi. Toa plagi uangalie.

Kabla drili haijawashwa, muulize fundi maswali manne. Sensa za gari yangu ziko wapi, na jeti iko mbele ama nyuma yake? Ni sentimita ngapi hadi throtoli? Maji yakiisha nikiwa nimekanyaga, nini kinapunguza busti? Na nini kinazuia maji kuvutwa nikiwa nimesimama? Akijibu yote bila kukasirika, mpe kazi. Akikuambia "wewe nipatie tu gari", chukua funguo zako.

Na kama doh yako inatosha jeti na pampu lakini haitoshi ile sensa ya kupima mtiririko, ngoja mwezi mwingine. Endesha na busti ya chini. Hakuna mtu amewahi kukosa heshima Jumapili kwa kufika na injini nzima.

Watu wa kabla ya turbo, najua mko hapa. Leteni picha ya bapa za kompresa yenu baada ya mwaka mmoja wa barabara, tubishane na ushahidi mezani.